Kopo la Rodney kwenye Taa za Parow

Rodney Plaatjies aliomba kwenye taa zetu za barabarani hapa Parow kwa miaka mingi, na leo bado anaomba palepale, ila sasa anaomba kwa ruhusa. Mimi nauza chenza na mifuko ya taka kwenye taa hizohizo, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Zamani aliomba pamoja na Anti Drieka; Anti ndivyo anavyotuita sisi wanawake watu wazima wote. Hawakuwa mume na mke wala ndugu, walikuwa wamezoeana tu. Rodney akishika upande wa magari ya Bellville, Drieka anashika upande wa mjini. Jioni wanagawana mkate na ugomvi, na siku nyingine divai ya mfuko. Drieka alikuwa mtu mzima, mwembamba, na mdomo wake haukuwa na breki.

Kisha gari likamvunja Rodney mguu. Alipotoka hospitali, watu wa Makao wakamchukua. Makao ni ile nyumba nyuma ya stesheni inayowalaza watu wasio na kwao, inaendeshwa kwa michango. Wakamwosha, wakamwachisha pombe, wakampa kitanda, akaanza hata kunawiri. Siku moja akarudi kwenye taa anachechemea, amevaa kizibao cha njano, mkononi ana kopo lenye kufuli, na mgongoni ameandikwa: USIMPE OMBAOMBA PESA. TUPE SISI, TUMPE MAKAO.

Drieka alimtazama kutoka utosini mpaka viatuni. "Hongera, Rodney. Umepanda cheo. Sasa unaomba kwa risiti."

"Siombi, Anti. Nachangisha."

"Na mkono je, si uleule?"

Tulicheka sote, hata Rodney mwenyewe. Lakini kicheko hakikufika mbali. Kuanzia siku hiyo madirisha yalifunguka kwa Rodney. Drieka akifika, dereva anaonyesha kidole nyuma: "Nimeshampa yule pale." Na kweli alikuwa amempa. Watu wanapenda kutoa wakiwa na hakika kwamba pesa yao haitanywewa, na siwalaumu. Drieka alikuwa anakunywa, nani asiyejua? Ila kabla ya kunywa alikuwa anamlipa fundi mmoja wa matairi, aliyemwacha alale ndani ya gari bovu uani kwake. Ukilipa unalala, usipolipa unakuta kufuli. Hilo halikuandikwa mgongoni kwa Rodney.

Mvua za baridi zilipoanza, fundi akafunga gari lake. Nilimlipia Drieka mara chache, nikashindwa. Hakuna mtu anayefungua dirisha kwenye mvua kwa ajili ya chenza, na mkono mtupu haulambwi.

"Ndani ya hilo kopo mna nini?" Drieka alimwuliza Rodney asubuhi moja, nguo zimemganda mwilini kwa maji.

"Unajua mna nini, Anti."

"Basi fungua."

"Nikifungua, narudi kukaa hapo chini pembeni yako."

"Nafasi ipo," akasema Drieka. "Na sikutozi kodi."

Rodney hakucheka. Mfukoni hakuwa na hata senti, maana posho yake Makao wanamwekea mpaka siku atakayotoka kujitegemea. Wanamjua. Akatoa mkate wake wa mchana akampa, na jioni akampeleka Makao. Niliwasindikiza, kwa kuwa mdomo ninao na nilitaka kuutumia.

Msimamizi wa pale, Mama Bosman, hakunipa nafasi ya kugomba. Alitufungulia mlango wa chumba cha wanawake. Vitanda vilikuwa vimebanana, katikati ya vitanda yamepangwa magodoro, na kwenye godoro la karibu na mlango msichana alikuwa ananyonyesha kichanga.

"Rodney, mwanangu," akasema taratibu, "nimtoe nani? Wewe nionyeshe, mimi nitamwambia."

Rodney akayahesabu magodoro kwa macho.

"Hilo kopo lako ndilo litakalotujengea chumba kingine," Mama Bosman akaendelea. "Mwakani, Mungu akipenda."

"Mwakani," akarudia Drieka. "Basi mniwekee kitanda cha dirishani."

Walimpa supu na blanketi. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: nilitafuta mtu wa kumkasirikia nikamkosa. Drieka akaenda kulala chini ya daraja la reli. Kikohozi chake ulikuwa unakisikia kabla hujamwona.

Kisha asubuhi moja hakuonekana, wala siku iliyofuata. Rodney alichechemea mpaka darajani akakuta makadibodi yaliyolowa. Akaenda polisi, kisha nikaenda naye hospitali. Dirishani pale hospitali wakamwuliza jina la ukoo la mgonjwa wake. Hakulijua. Nami nilipoulizwa sikulijua. Miaka yote ile tuliitana kwenye taa, na hakuna aliyewahi kulihitaji. Wakasema bila jina hawawezi kutusaidia, na nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu.

Rodney akarudi kazini, angefanya nini? Ijumaa moja, taa nyekundu, bibi mmoja wa Kizungu akashusha kioo cha gari lake dogo. Nilimfahamu, alikuwa kila Ijumaa anampa Drieka chochote.

"Yule mama aliyekuwa hapa yuko wapi?" akauliza. Akakitazama kizibao, akasoma maandishi, uso ukamchangamka. "Mmemchukua, sivyo? Oo, nashukuru sana. Nilikuwa siishi kumfikiria, na baridi hii."

Rodney akafungua mdomo. Bibi alikuwa ameshakunja noti anazisukuma ndani ya kopo, moja baada ya nyingine. Taa ikawaka kijani.

"Mungu akubariki, bibi," akasema Rodney, kama alivyofundishwa.

Gari likaondoka. Hasira zikanipanda, nikamfuata Rodney. "Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini, Anti?" Alikuwa analia waziwazi, kopo amelikumbatia kifuani. "Nikimwambia, hatatoa tena. Na kile chumba bado hakijajengwa."