Chupa Mbili za Mchangani

Mtoto wa dada yangu amenunua friji dogo la divai. Lina kidirisha kinachoonyesha nyuzi joto, nyekundu huku, nyeupe kule. Jumapili iliyopita alinisimamisha mbele yake akanieleza, taratibu kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba divai haiwekwi popote tu. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba bibi yake aliyajua hayo kabla mama yake hajazaliwa, na hakuwahi kuingia dukani kununua ubaridi. Alicheka. Mimi sikucheka, na ndiyo sababu naandika.

Mama yangu alitunza divai ya kigango chetu kwa miaka tisa, na hakuna chupa hata moja iliyochacha. Tulikuwa upande wa Nangwa, pale kilima kinapoanza kupanda, na chini yetu, mpaka jicho lichoke, ilikuwa ngano ya shamba la serikali. Padri alifika mara moja kwa mwezi. Divai ilimfikia kutoka Dodoma ikiwa imechanganyika, nyekundu na nyeupe katika kasha moja. Kwa misa aliipenda zaidi nyeupe, kwa kuwa haiachi doa kwenye vitambaa vya altare. Nyekundu ilitumika nyeupe ikiisha. Kanisa letu halikuwa na chumba cha kufunga kwa ufunguo, kwa hiyo divai ilikaa kwetu.

Kwetu palikuwa tembe. Babu alitoka Tumati, naye akajenga kama walivyojenga wazee wa Tumati: alichimba ubavu wa kilima, akaiingiza nyumba humo, ukuta wa nyuma ukawa kilima chenyewe, na juu akaweka udongo. Mchana wa jua kali ungeingia ukatafuta shuka. Usiku wa baridi ya Julai ungeingia ukaivua. Padri mzee, yule wa kwanza, alimfundisha mama mambo matatu tu. Chupa ilazwe ili kizibo kisikauke. Nyekundu ipate ubaridi wa chumba cha alfajiri kabla moto haujawashwa. Nyeupe ipate ubaridi wa maji ya mtungi. Mengine mama aliyajua kutokana na maziwa na viazi vya mbegu. Nyekundu alizilaza kwenye rafu ya fito, mbali na jiko. Nyeupe alizifukia mchangani chini ya ule ukuta wa nyuma, na kila asubuhi alichomeka kidole kwenye mchanga, akakiacha humo kidogo, ndipo akaenda kukamua.

Kisha akaja mwenyekiti mpya wa kigango. Alikuwa bwana stoo wa shamba la ngano, kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, na watu walimchagua kwa sababu alikuwa na cheti na landrova ya kazi. Nisimwonee: ghala lake alilijua. Ngano ikiwekwa na unyevu hujitia joto yenyewe, kisha ikaoza. Kwa hiyo kila asubuhi fimbo ndefu ya chuma ilichomwa katikati ya lundo, ikaachwa, ikachomolewa, ikaguswa kwa mgongo wa mkono. Ikitoka na moto, lundo linageuzwa. Aliyeichoma hiyo fimbo alikuwa baba yangu. Ugali wetu ulitoka mkononi mwa yule bwana, na sote tulilijua hilo.

Alifika siku moja baada ya misa, akainama mlangoni asigonge kichwa, akamwambia mama, "Habari za hapa." Mama alimzidi miaka ishirini. Alizungusha macho, akamwona ndama, akaona na mbuzi wawili.

"Divai ya Bwana hailali na ndama," alisema.

"Bwana mwenyewe alilala nao, mwenyekiti," mama alijibu kwa upole.

Hakupenda. Alisema yeye ana nyumba ya saruji na bati, ana kabati, na divai inahamia huko siku hiyohiyo. Baba alibebeshwa kasha. Zikatolewa nyekundu zote rafuni, zikafukuliwa nyeupe za juu. Mama alipopiga magoti kufukua mbili za mwisho, zilizozama zaidi, mwenyekiti alikuwa ameshaanza kukung'uta suruali yake.

"Hizo za mchangani, kaa nazo," alisema, akatoka.

Baba alisikia, kasha likiwa begani. Nami nilisikia, maana ndimi niliyeshika koroboi ili waone. Nilikuwa darasa la saba, na masikio yangu yalikuwa mazima.

Ukafika mwezi wa kumi. Ngano ilishavunwa, vumbi lilikuwa linatembea lenyewe, na jua lilianza kupiga mabati tangu saa tatu. Nyumba ya mwenyekiti haikuwa na dari. Chupa alizisimamisha wima juu ya kabati, chini kabisa ya bati, ili mgeni akiingia azione. Mchana zilipikwa, usiku zikapoa, kesho yake zikapikwa tena. Mtu aliyesimamia kila siku ngano ikipimwa joto kama mtoto mwenye homa! Hata leo nikilikumbuka hilo kabati nasimama kwanza, nazunguka chumba, ndipo nakaa.

Jumapili ya padri kanisa lilijaa. Padri, yule kijana aliyempokea mzee, alifungua chupa, akanusa, akakunja uso. Akafungua ya pili, na ya tatu. Zote siki. Alitugeukia akasema kwa siki hakuna misa. Watu waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni wakatazamana.

Mwenyekiti akasimama. Hakusema "nimekosea". Alisema, "Padri, wote hapa wanajua divai hii ilikaa wapi. Mtu akinywa glasi akaongeza maji, nani atajua? Mimi niliipokea ikiwa imeshaharibika."

Akaketi. Wanawake waliokuwa wamekaa na mama benchi moja walisogea kidogo, kidogo tu, lakini nililiona.

"Padri, nipe nusu saa," mama alisema. Akajifunga kanga kiunoni akatoka. Wengine walidhani amekimbia aibu. Wanakwaya waliimba nyimbo zote wanazozijua, wakaanza kuzirudia, ndipo akaingia akihema, chupa mbili kifuani, mchanga bado umeshika kwenye kioo. Padri alifungua moja, akanusa, akaonja tone kwenye ncha ya kidole. Uso wake ukafunguka.

"Hii ni nzima," alisema.

Nilidhani yameisha. Mwenyekiti alisimama tena, safari hii akitabasamu.

"Sasa mmeona wenyewe. Alizificha. Tumuulize, amezificha ngapi?"

Divai mbovu ilikuwa kosa la mama kwa sababu ni mbovu. Divai nzima nayo ikawa kosa la mama kwa sababu ni nzima. Mtu wa namna hiyo utamtolea wapi mshipa wa haya?

"Uliniambia nikae nazo," mama alisema. "Ulisema, hizo za mchangani, kaa nazo."

"Mimi?" Akawatazama watu, na wapo waliocheka.

Pikipiki ya padri ilikuwa mbovu mwezi ule; angerudishwa parokiani kwa landrova ya mwenyekiti. Sisemi zaidi ya hapo. Padri alisema shauri litaangaliwa na baraza, na kwa leo mama asikomunike. Kisha akavaa mavazi ya misa, akapanda altareni, akasoma misa kwa divai ya mama.

Mama alipiga magoti mahali pake, mgongo umenyooka, vumbi la njia mpaka magotini. Miaka yote aliyotunza divai hakukosa komunyo hata mara moja. Nilimtazama baba, upande wa wanaume. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimngoja wakati wa mahubiri, nikamngoja wakati wa matoleo. Watu walipoanza kupanga mstari wa komunyo akasimama, akapanga mstari na wenzake, mikono kifuani kama kawaida. Nilimchukia baba yangu pale, na sitalipamba neno hilo.

Alifika mbele. Padri aliinua hostia.

"Mwili wa Kristo."

Badala ya kusema Amina, baba alisema, "Alimwambia akae nazo. Nilikuwepo." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini kanisa lilikuwa dogo. "Na zile za kwake nilizigusa juu ya kabati nilipompelekea funguo za ghala. Zilikuwa na moto. Kama ni ngano, tungekuwa tumeshaigeuza."

Mkono wa padri ulibaki hewani. Kisha padri alishuka ngazi, akampita baba, akapita mstari mzima, akaenda mpaka kwenye benchi la mama akampa hostia pale alipopiga magoti. Wale wanawake walirudi kumsogelea.

Watu husimulia hadithi hii kwa kumsifu baba. Nawaacha wasifu, maana aliilipia: juma lililofuata alitolewa kupima ghala akapelekwa kubeba magunia. Lakini baba alisema nini ambacho mama hakuwa amekisema? Maneno yaleyale, saa moja kabla, kwa kinywa chake mwenyewe, na walimcheka. Yalipotoka upande wa wanaume yakawa ukweli. Na mimi nilikuwepo, nimeshika koroboi, na sikufungua kinywa.

Mwezi uliofuata padri alileta kasha jipya mpaka mlangoni kwetu. Mama hakulikataa. Alisema litakaa, ila siku ya misa mwenyekiti aje kuichukua divai mwenyewe, na nyeupe aifukue mwenyewe. Padri alifikiri kidogo akasema ni haki.

Mwenyekiti alikuja. Mlango wetu ulikuwa mfupi, kwa hiyo aliinama. Chini ya ukuta wa nyuma hapakuwa na namna ila kupiga magoti na ile suruali yake. Alichomeka mkono mchangani, akauacha kidogo pale kwenye ubaridi, nikaona kwamba ameelewa. Mkono wake ulikuwa mkono wa ghalani. Akageuza uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alisema, akampa kitambaa cha kufutia chupa.

Basi. Ndiyo malipo yote tuliyopata. Kumtuhumu alimtuhumu mbele ya kanisa zima. Kumwamkia alimwamkia gizani, mbele ya ndama. Mama alisema imetosha, na mpaka anakufa alisema imetosha. Mimi haijanitosha, na ninayemdai zaidi si mwenyekiti. Ni yule msichana aliyeshika koroboi.