Saa za Mama Nyawira

Watu wote wa mtaa wa Pipeline, kuanzia maghorofa ya mbele hadi yale ya nyuma ambayo jua huyafikia kwa kubahatisha, wanajua kuna saa za aina mbili: saa za kawaida na saa za Mama Nyawira. Za kawaida ziko kwenye simu. Za Mama Nyawira ziko kinywani mwake, na ukizifuata utafika kwenye sherehe ukute viti vingali juu ya mkokoteni.

Jina lake hasa ni Nduta. Kazi yake ni kupanga shughuli za watu: harusi, ruracio za kupeleka mahari, hata matanga. Kwa kuwa anawajua watu wake, sherehe ya saa sita huitangaza kuwa ya saa tatu. Muuza mbuzi wa Kiamaiko huambiwa wanyama wanatakiwa alfajiri, nao huchinjwa jua limeshapanda. Mchungaji pia hudanganywa, ila yeye kwa upole zaidi, maana ni mtumishi wa Mungu.

"Sidanganyi," Nduta husema. "Natia maji kidogo kwenye maziwa ili chai itoshe wote."

Ubaya wa mtia maji ni kwamba haamini tena maziwa ya mwenzake. Nduta akiambiwa saa mbili, ndiyo kwanza anaingia kuoga saa mbili. "Kawia ufike," huwaambia waliomngoja, huku akitafuta kiti cha mbele.

Basi Nyawira, mtoto wake wa pekee, muuguzi huko Ujerumani, akapiga simu kusema anaolewa Jumamosi. Baba yake alifariki zamani, kwa hiyo wa kumshika mkono hadi madhabahuni ni mama yake, hakuna mwingine. Nduta alilia kwa furaha, halafu akawatangazia majirani. Siku ile hakuongeza wala kupunguza neno.

Alikwenda Eastleigh kwa Bilan, binti anayekata tiketi za ndege. Alifuatana na Mirriam, makamu wake kwenye kamati za harusi. Bilan aligeuza kompyuta wakaona wote. Kulikuwa na safari mbili, zote za kubadilisha ndege kwenye uwanja mmoja mkubwa huko Uarabuni. Moja ilimpa saa tano za kungoja pale katikati. Nyingine ilimpa saa moja na kidogo.

"Mama, chukua ya saa tano," Bilan alisema. "Ule uwanja ni mkubwa, hadi una treni ndani. Utakaguliwa tena, utatembea, na mlango wa ndege hufungwa kabla ya ndege kuondoka."

Nduta alimtazama kwa huruma.

"Binti yangu, hizi saa mimi ndiye mtengenezaji. Mtu akikuandikia ndege inaondoka saa tatu, jua rubani bado anakunywa chai. Wameshaongeza zao. Sasa na mimi niongeze zangu juu yake? Ngojangoja huumiza matumbo. Nipe hiyo fupi."

Bilan alimtazama Mirriam. Mirriam akapatwa na kikohozi cha ghafla, akajifuta macho kwa leso.

"Mpe anachotaka," alisema. "Huyu hashauriki."

Alhamisi Nduta akapaa. Alipotua Uarabuni hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikwenda msalani, akabadilisha kilemba, akapaka mafuta. Akakutana na kina mama wawili kutoka Thika, wakasalimiana mpaka kwa mbuzi waliobaki nyumbani. Kwenye foleni ya ukaguzi aliwapisha wenye watoto, akajiona mwema. Treni ya kwanza ilijaa, akaiacha iende, akangoja ya pili apate kiti.

Alipofika kwenye mlango wake aliukuta umefungwa. Ndege ilikuwa pale pale, nyuma ya kioo, angeweza kuhesabu madirisha yake.

"Imefungwa," alisema msichana wa kaunta.

"Si hiyo hapo? Fungua tu kidogo niingie. Mimi ndiye mama wa bibi harusi."

Msichana alitikisa kichwa. Ndege ikaanza kurudi nyuma polepole, bila kumngoja mtu. Nafasi nyingine, aliambiwa, ilikuwa Jumapili.

Jumapili! Aliketi sakafuni na kilemba chake kipya akalia kwa sauti, watu wakimpita na mabegi ya magurudumu. Akilini alimwona Nyawira akiingia kanisani mkono wake ukining'inia hewani. Aliona haya, haya ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kamati. Alipiga simu.

"Nyawira, mwanangu, nisamehe. Ndege imeniacha. Nitafika harusi imeisha."

Halafu akasikia kitu ambacho hakukitarajia. Bibi harusi alikuwa anacheka.

"Mami, nyamaza kulia. Harusi ni Jumatano ijayo."

"Jumatano gani? Ulisema Jumamosi!"

"Nilikuambia wewe Jumamosi. Wengine wote niliwaambia Jumatano."

"Wengine akina nani?"

"Kamati yako yote. Mirriam, mchungaji, hata yule wa mbuzi. Bilan aliambiwa na Mirriam mlipotoka pale. Mami, wewe masaa hayakutoshi, ilibidi nikuongezee siku. Umesahau ulikuwa unaniamsha gizani ukisema kengele ya shule imelia? Nilikuwa nakaa langoni peke yangu na mlinzi. Mwosha huoshwa."

Nduta alifungua kinywa amkaripie, kicheko kikamtangulia. Alicheka na machozi bado yako shavuni. Kisha akakumbuka jambo, akakaza uso.

"Na hiyo Jumatano, ni saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Saa nne ya watu, ama saa nne yangu?"

Nyawira alikata simu.

Jumatano, saa moja asubuhi, mzee mwenye funguo za kanisa alimkuta mwanamke ameketi kwenye ngazi, koti limefungwa hadi shingoni. Kabla hajamsalimu, Nduta alimuuliza mbona amechelewa.