Wati za Kibandiko, Kilo za Shangazi

Wati mia sita na sitini zilininyima usingizi siku tatu. Kibandiko cha mota ya shangazi yangu, ninayemwita Eedo, kilionyesha volti 240 na ampea 9. Ukizidisha unapata wati 2,160. Lakini chini yake palikuwa na kilowati 1.5 tu. Zilizobaki zimekwenda wapi? Nilikuwa na digrii ya uhandisi na sikuthubutu kugusa swichi.

Kiangazi kilikuwa kimekaza Garissa, na mbuzi wa Eedo waliishi kwa mabua aliyoyakata kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mota ya kuiendesha badala ya mkono ilikuwa moja tu. Ikizidiwa, ingeungua mbele ya majirani.

Siku ya nne kitabu cha chuo kikanituliza: kilowati za kibandiko ndizo zinazotoka kwenye ekseli. Zilizobaki, nyingine hugeuka joto, nyingine huenda na kurudi kwenye waya bila kufanya kazi. Nikapiga hesabu daftarini. Kwa mizunguko 1,440 kwa dakika, mota ikifungwa moja kwa moja kwenye mashine, ingeusukuma mkono wake wa kuzungushia, wenye urefu wa nusu mita, kwa nguvu ya kilo mbili.

“Kilo mbili?” Eedo akacheka. “Chuma chote hiki? Wallahi, kuku wangu anaishinda!”

“Ina mbio, Eedo. Tukiipunguza mbio, nguvu inaongezeka. Ila sijui mashine inataka kilo ngapi.”

Eedo ni mchuuzi wa mbuzi. Humnyanyua mmoja kidogo tu, akataja uzito. Akajaza mabua, akausukuma mkono wa mashine, akafumba macho.

“Nane.”

Sikumwamini. Nikaulaza mkono, nikaning’iniza jerikeni tupu, nikamimina maji kwa kopo la lita moja la maziwa. Lita ya nane ilipoingia, kisu cha mashine kikapita kwenye mabua, jerikeni likanimwagikia.

“Injinia ameoga!” jirani akapiga kelele.

Puli kubwa, yaani gurudumu la mkanda, mara sita ya ile ya mota, ingenipa kilo kumi na mbili. Ilitosha. Hata hivyo nikaanza kuwaza: je, mabua mabichi yatataka kilo ngapi?

“Mbuzi wangu hawali daftari,” Eedo akasema.

Nikalifunga. Nikaung’oa mkono wa mashine, nikafunga puli mahali pake, nikakaza mkanda, nikasema bismillahi, nikawasha.