Kofia ya Unga kwa Lulu ya Mama

Saa kumi na dakika kumi alasiri, Jumamosi, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Garland nikimenya chungwa, dada yangu Njeri alinipigia simu kutoka Houston na kuniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu mwingine katika nchi hii: kati ya majivu na limau, kipi hutangulia?

Nilijua mara moja anazungumzia nini. Binti yake, Joy, angechumbiwa Jumamosi iliyofuata, na pete ambayo angevishwa ilikuwa ya marehemu mama yetu. Joy alikuwa ameshauri ipelekwe kwa sonara isafishwe. Njeri alikataa katakata.

"Mtu nisiyemjua ashike pete ya Mama? Nita-clean mwenyewe, vile tulikuwa tunafanya Krismasi."

Alikuwa ameshachoma makaa kwenye jiko la nyama huko nyuma ya nyumba, amechekecha majivu na kukamua malimau manne. Kilichobaki ni utaratibu, na kwa mambo ya utaratibu ukoo wetu wote hunipigia mimi. Nikamwambia angoje nikumbuke vizuri.

Wa rika langu mtanielewa. Enzi zetu hapakuwa na chupa ya dawa kwa kila chombo. Majivu na limau vilitosha kwa sufuria, vijiko, birika na magoti yetu sisi wenyewe, na tulisugua mpaka ukiinama juu ya sufuria unayaona meno yako. Tuliishi Nakuru, chumba na jiko, na siku moja kabla ya Krismasi jiko hilo lilijaa kupita kiasi: harufu ya mafuta ya taa, unga wa chapati ukipumzika chini ya kitambaa kibichi, redio ikikwaruza, na vumbi jeupe la upande wa ziwani likiingia kila mlango ulipofunguliwa. Nje wenzetu walicheza kati, ule mchezo wa kukwepa usipigwe, kwa mpira wa soksi, na sisi tuliwasikia wakigombana nani ameguswa na nani anadanganya. Hatukutoka. Siku hiyo ilikuwa ya kusafisha pete.

Mama alikuwa fundi wa cherehani. Pete alipewa na mjane mmoja mzee aliyemshonea nguo miaka kumi na moja, siku mjane huyo alipofunga nyumba yake na kuhamia kwa mwanawe. Mjane naye aliirithi kwa mama yake. Ni ya dhahabu, ina lulu moja katikati, kubwa kidogo kuliko punje ya pilipili manga, na almasi nane ndogo zimeizunguka. Miaka mingi baadaye, kwa vitabu vya kuazima maktaba, nimejifunza kwamba almasi zilizochongwa namna ile ni za mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla lulu za kufugwa, zile ambazo watu hukuza ndani ya chaza, hazijaenea madukani. Mama hakuyajua hayo. Alijua ni nzuri, basi. Aliivaa mara moja kwa mwaka, na kanisani aliuweka mkono juu ya Biblia kama ameusahau hapo, ibada nzima.

Kila mmoja wetu alikuwa na kazi yake. Njeri, aliyekuwa na miaka mitano, alikamua limau huku amefumba macho, kwa sababu kila mwaka tone moja lilimrukia. Mama alisugua. Mimi nilipewa kipande cha unga wa chapati nikifinyange kiwe donge laini, na kabla ya jambo lolote Mama alilichukua na kulibandika juu ya lulu. "Huyu wa katikati hatoki nje bila kofia," alikuwa akisema. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani amenipa kitu cha kunifanya nitulie.

Nilipofika hapo katika kumbukumbu, chungwa likanidondoka.

"Njeri, umeivalisha kofia?"

"Kofia gani tena?"

"Lulu. Mama alikuwa anaifunika na unga kabla ya limau."

"Wewe Maina. Hiyo ya unga si ilikuwa mchezo wako?"

"Pete iko wapi sasa hivi?"

"Iko mkononi," akasema. "Mkono uko juu ya bakuli la limau."

"Ondoa mkono."

Nikamweleza nilichosoma: lulu imejengwa kwa kitu kilekile cha ganda la yai, na limau hukila. Ikishafifia, hakuna kusugua kutakakorudisha mng'ao wake. Akanicheka, akasema vitabu vitanimaliza. Nikamwomba achukue kipande cha ganda la yai akitie kwenye lile bakuli. Nilisikia friji ikifunguliwa, kisha yai likipasuliwa.

"Maina," akasema polepole, "linatoa mapovu."

Yeye amekuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa. Hakuhitaji maelezo zaidi. Tulikuwa tumebeba nusunusu ya kazi ya Mama, yeye nusu ya limau, mimi nusu ya unga, na karibu nusu moja imuue mwenzake.

Nilimshauri aache limau kabisa. Hakukubali, ama ifanyike kama Mama alivyofanya, ama isifanyike. Ila nyumba nzima haikuwa na unga. Chapati wananunua zilizogandishwa. Joy akatumwa dukani, akarudi, akaambiwa akande. Msichana ana miaka ishirini na sita na shahada mbili. Akauliza kwa Kiingereza maji kiasi gani. Njeri akamwambia mpaka unga uache kushika vidole. Joy akataka kujua hiyo ni vikombe vingapi. Donge lililopatikana mwishowe, nililiona kwenye simu, lilikuwa kubwa kama andazi, na lulu ilizama humo kama imekwenda kulala.

Pete ikasuguliwa hivyo, lakini Njeri hakupata usingizi kwa wasiwasi, na Jumatano akaenda na Joy kwa sonara baada ya yote, akasimama bega kwa bega na sonara huyo muda wote. Sonara alisema lulu ni nzima, ni ya baharini, haikufugwa. Dhahabu ndiyo ilikuwa na mikwaruzo mingi myembamba, akajitolea kuing'arisha iishe. Joy ndiye aliyekataa, akamgeukia mama yake na kusema, tena kwa Kiswahili: "Hapana, iache hivyo." Ile mikwaruzo ni ya majivu yetu.

Watoto wa leo hawakosi jibu. Wanaiuliza simu, na inawajibu kabla hawajamaliza swali. Sisi tulipewa donge la unga tushike, na sababu tukaijua nywele zikiwa zimeanza kupata mvi. Sisemi ipi ni bora. Nasema tu kwamba jiko lile lilijaa, na sasa jiko la dada yangu ni kubwa mara tano na siku nyingi halina mtu.

Nilimwomba Njeri amuulize sonara, kwa kuwa napenda kujua, lulu nyingine ya umri na ukubwa ule ingegharimu kiasi gani. Sonara alisema kwanza ingebidi ipatikane. Ikipatikana, dola elfu mbili, mia nne na hamsini.