Kivuli cha Tela la Rutamba

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, ilikuwa lazima Stefania apime kitu. Leo mdomo wa chungu, kesho mgongo wa mbuzi. Anatanua vidole, anahesabu shubiri, anatabasamu peke yake. "Huyo hata jeneza lake atalipima mwenyewe," majirani wa Rutamba walimtania.

Kupima alijua, lakini mkasi hakuwahi kuushika. Miaka tisa alishona vifungo na kukunja pindo barazani kwa Mzee Gregori, fundi pekee wa kijiji. Kukata ilikuwa kazi ya mzee.

Mwaka ule wa sabini na nne kijiji chao cha ujamaa kikapata tela la kuvutwa na trekta. Nesi Mastura alizunguka nalo kwenye mashamba ya mikorosho akipima watoto uzito, na akina mama walipanga foleni juani mpaka utosi ukawaka. Kamati ikatafuta turubai, ikapata moja tu. Mwenyekiti Ahmadi akatangaza: "Atakayelishonea tela kivuli kikakaa sawasawa, ndiye atakayekabidhiwa cherehani mpya ya kijiji."

Stefania usingizi ulimruka siku mbili.

Mzee Gregori akaenda kulipima tela kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole. Akarudi. "Dhiraa tisa. Mimi magoti yananiuma, Stefania. Tandaza turubai, hesabu tisa, piga chaki, nije nikate."

Stefania akainama. Moja, mbili, tatu... Alipomaliza ya tisa akapiga chaki, kisha akaganda. Akautazama mkono wake mfupi, akautazama wa mzee, mrefu kama mpini wa jembe.

"Mzee, dhiraa yangu na yako si moja."

"Dhiraa ni dhiraa, mwanangu. Babu zetu walinunua kaniki kwa hiyohiyo."

"Basi wengine walipunjwa!"

Mzee akanyanyua mkasi. Stefania, ambaye hajapata kumkatalia neno, akakanyaga mstari wa chaki kwa miguu yote miwili. "Turubai ni hili hili, mzee. Tukalijaribu kwanza."

Wakalibeba mpaka kwenye tela, nyuma yao wanawake wakifuata kama wanaopeleka bibi harusi. Turubai likatandazwa ubavuni. Mstari wa chaki ukaishia mbali na pembe, shubiri mbili nzima!

"Loo!" akacheka Nesi Mastura. "Hapo mtoto wa mwisho angeungua peke yake."

Mzee Gregori akakohoa. Mwenyekiti Ahmadi, aliyekuwa amesimama kando ya tela, akamgeukia Stefania. "Haya, mama, wewe ungepimaje?"

Stefania hakuhesabu dhiraa. Aliomba kamba ya katani, akaivuta juu ya tela lenyewe, pembe hadi pembe, akafunga fundo. Kisha upande wa nyuma, kwa sababu tela lilipata kugonga mkorosho na ubao ule ulikuwa umebonyea. Huko kamba ilitoka fupi kwa vidole vitatu. Akafunga fundo jingine. Wanawake wakahesabu mafundo kwa sauti kubwa, wakapiga makofi kila moja.

"Mpe mkasi, mzee," akasema Ahmadi.

Mkasi ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Krrap! Krrap! Jumamosi kivuli kilifungwa kwenye tela, kikakaa kama ngozi juu ya ngoma, hata pale penye ubao uliobonyea. Vigelegele vilisikika mpaka kisimani. Siku hiyohiyo Ahmadi akamkabidhi cherehani, akaiweka kwenye chumba cha ushirika karibu na ghala.

Stefania akapita barazani kuchukua kikapu chake cha sindano. Mzee Gregori alikuwa ameketi, anapanga vifungo.

"Kesho uwahi," alisema bila kuinua macho. "Kuna kanzu sita zinakungoja."

"Nimekuja kuaga, mzee. Ahsante kwa miaka yote."

Mzee akainua macho. "Unaaga kwenda wapi? Wewe ni mtu wa pindo!"

"Nilikuwa," akasema Stefania. Akajitwika kikapu, akashuka ngazi mbili za baraza akikaza mwendo, karibu akimbie, na kwenye baraza lile hakukanyaga tena.