Achieng Hajakula

Kule Muhuru Bay, Phelesia aliwaanikia wenye mashua omena zao, wale dagaa wa ziwani, na jioni walipozoa mzigo walimwachia zilizobaki mchangani. Mwanawe Achieng ndiye aliyeziokota. Alizipepeta kwa ungo mpaka mchanga ukaisha. Zilizo nzima zikaenda sufuriani, zilizovunjika akawauzia wafugaji wa kuku. Alikuwa bado mtoto mdogo. Mama alimpakulia, kisha akakaa pembeni.

"Mimi nimekula kwa jirani," alimwambia, naye mtoto akaamini.

Leo Achieng ana kiwanda cha chakula cha kuku mjini Homa Bay, na malori yake hufika Kosele na Migori. Wafanyakazi humwita madam na kumwogopa kidogo, maana akiona omena zimemwagika sakafuni huinama kuziokota mwenyewe. Njaa ilimfundisha biashara, lakini haikumfundisha kupumzika. Nyumba aliyomjengea mama yake aliitembelea mbiombio, gari likinguruma nje.

Mwaka jana Phelesia alianza kusahau watu, Achieng akamleta kwake. Asubuhi moja Orpah, msichana wa kazi, alimwita chumbani mwa Phelesia. Chini ya mto wa bibi kulikuwa na vipande vya ugali vilivyoota ukungu, na samaki aliyefungwa ndani ya leso.

"Mama, kwani hushibi? Mbona unaficha chakula?"

Phelesia alikinyakua kile kifurushi. "Usichukue, madam. Ni cha mtoto wangu. Achieng hajakula."

"Mama, Achieng ni mimi."

Bibi akamtazama viatu, saa, uso. "Wewe umeshiba," akasema kwa upole. "Wangu ni mwembamba. Ameenda ufuoni."

Achieng akaketi kitandani. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hapakuwahi kuwa na jirani.

Tangu siku hiyo alirudi nyumbani kila mchana, akala mbele ya mama yake. Phelesia alimkaribisha vizuri, kama mgeni, huku akiangalia mlangoni.

Alifariki mwezi wa nne, Achieng akiwa njiani kutoka Migori.

"Alisema nini?" Achieng akauliza alipofika.

"Aliuliza kama mtoto amekula," Orpah akajibu. "Nikamwambia amekula, ameshiba. Akafumba macho."

Achieng alimshika Orpah mkono. Baadaye alipiga simu kiwandani, akawaambia wiki hiyo hatakuja. Upande wa pili wakamwomba arudie, wakidhani hawakusikia vizuri.