Farasi Aliyemchagua Shangazi

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kupendeka haraka, na farasi wake vivyo hivyo. Nadhani ndiyo maana walielewana. Alikuwa mtunza farasi katika shule ya kufundishia watu kupanda farasi, ile kazi ya kuzoa samadi, kuchokoa matope kwenye kwato na kurudi nyumbani unanuka kiasi kwamba watu wanajua umefika kabla hujabisha hodi. Farasi wengine bandani walikuwa warefu, wanang'aa, shingo wamezipinda kwa maringo. Huyu mmoja, ambaye sote tulimwita Bibiye, alikuwa mfupi, tumbo limemtoka, rangi ya udongo mkavu. Singa za shingoni mwake zilisimama wima kama brashi ya viatu. Mstari mweusi ulianzia shingoni ukapita mgongo mzima hadi mkiani, na miguuni alikuwa na michirizi myembamba kama ya pundamilia. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza, "Huyu punda wa nani?" Shangazi alinuna wiki nzima, ingawa mgeni mwenyewe alishajiendea zake.

"Punda!" alifoka nyumbani. "Huyu ni wa mbegu ya kale, kabla watu hawajaanza kuwachagulia farasi urembo. Huyu ndiye farasi mwenyewe. Hao wengine ni vipodozi."

Bibiye akishtuka hakukimbia. Alisimama, akageuza kile kichwa chake kizito na kukitazama kitu kilichomshtua mpaka kione haya. Hakumpiga mtu teke, lakini ukimpigia kelele alijifanya gogo. Isitoshe, mbegu hiyo humchagua mtu mmoja tu, na wengine wote mnabaki kuwa samani. Marehemu mumewe shangazi alizoea kusema kwamba yeye ndiye mwanamume wa kwanza duniani kuwa mke mdogo.

Tatizo ni kwamba shangazi alimdekeza. Kila asubuhi alimlisha shayiri ya kwanza kiganjani, ndipo akamwaga iliyobaki horini. Wenzake aliwakataza katakata kufanya hivyo kwa farasi yeyote. Kwa Bibiye alijiruhusu, miaka nenda miaka rudi, hadi yule mnyama akawa hagusi chakula kabla ya kiganja kile.

Kisha likaja ombi kutoka shamba moja la kuzalisha farasi, mbali, mwendo wa siku nzima. Mbegu ya Bibiye ilikuwa inakwisha, na huko alikuwepo dume wa mbegu hiyohiyo. Shangazi mwenyewe ndiye aliyempandisha kwenye lori. Bibiye alifika akagoma kula. Shangazi akaitwa, akaenda, akanyoosha kiganja, farasi akala. Alipoondoka tu, mgomo ukaanza upya na mbavu zikaanza kuonekana. Alipoitwa tena, daktari wa mifugo wa shamba hilo alimkalisha chini.

"Mama, ukiendelea kuja utamuua. Mwache akukatie tamaa, ndipo atakula."

Shangazi hakubishana, jambo ambalo katika ukoo wetu halikuwahi kutokea.

Tangu hapo alikuwa mtu wa kunyamaza katikati ya maongezi. "Nimemkumbuka," alisema, na hatukuhitaji kuuliza nani. Mimi niliumia kumwona vile, maana ni heri kufokewa kama nilivyozoea.

Karibu mwaka baadaye, daktari alipopiga simu kusema Bibiye amezaa, aliongeza: "Njoo umwone, ila yeye asikuone wala asikunuse." Nilimpeleka mimi. Alioga kwa sabuni yangu ya manukato, akavaa koti langu.

"Unanukia kama bibi harusi, shangazi."

"Nyamaza uendeshe gari."

Tulisimama ofisini kwa daktari, nyuma ya dirisha lililofungwa. Bibiye alikuwa amenona. Ubavuni kwake alisimama mtoto mwenye miguu mirefu kuliko akili, rangi ileile, na mgongoni mstari uleule, mweusi mbichi. Mfanyakazi mmoja alimimina shayiri horini akaenda zake. Bibiye akainamisha kichwa na kula, bila kumngoja mtu.

Mkono wa shangazi ulikuwa umeshafika kwenye komeo la dirisha.

"Nimwite mara moja tu," alisema. "Mara moja."

"Ananyonyesha," daktari akajibu kwa upole. "Akigoma sasa, maziwa yatakauka."

Shangazi aliushusha mkono, akautia mfukoni mwa koti. Nje, Bibiye aliinua kichwa akalitazama dirisha letu kwa muda mrefu, vile anavyotazama yeye. Kisha akarudi kwenye hori.

Garini nilishindwa kujizuia. "Amekusahau kweli?"

"Kila siku nilikuwa naomba anisahau," akasema, akijifuta uso kwa mkono wa koti langu. "Sikujua kwamba nikijibiwa itauma hivi."